Simu yako ya zamani iliharibikaje? Anzia hapo unapochagua Android mpya

Wengi wanaofika mezani kwangu na hela mkononi huanza na swali lile lile: "Fundi, Tecno na Samsung, ipi nzuri?" Nami huwauliza kwanza simu waliyokuwa nayo iliharibikaje. Jibu lao linaniambia mengi kuliko jina lililoandikwa mgongoni mwa simu wanayoitaka. Yupo aliyevunja kioo, akabadilisha, akavunja tena. Yupo ambaye simu yake ilijaa mpaka WhatsApp ikagoma kufunguka. Hawa wawili hawatakiwi kuondoka dukani na simu moja, hata kama mfuko wao unalingana.

Ninatengeneza simu Kariakoo, pande za Mtaa wa Aggrey, ambako duka la simu linapakana na duka la simu na kila kijana wa mlangoni anakuvuta ndani. Ninayoandika hapa nimeyaona simu zikiwa zimefunguliwa mezani. Nitazungumzia zaidi simu za kuanzia laki mbili na nusu hadi laki tano, kwa sababu ndizo watu wanazodunduliza wakanunua, na ndizo muuzaji anazoweza kukuchanganya nazo kirahisi.

Kama ni kioo kilichovunjika

Swali lako la kwanza liwe hili: kioo cha simu hii kikivunjika, kinapatikana wapi na kwa bei gani? Muulize fundi, si muuzaji.

Vioo viko vya aina mbili kubwa. LCD ndiyo ya simu nyingi za bei nafuu. AMOLED ni ile ambayo kila nukta inajiwashia mwanga wake, ndiyo maana rangi zake zinakolea na weusi wake ni weusi kweli. Ni kioo kizuri, na juani mara nyingi kinasomeka vizuri zaidi. Lakini kikivunjika, kioo chake halisi kinaweza kula karibu nusu ya bei ya simu. Ukikataa bei hiyo, utawekewa cha kuigiza, ambacho mara nyingi ni LCD iliyotengenezwa ifanane. Hapo simu inanenepa, kioo kinakaa juu ya fremu badala ya kuzama, na kama alama ya kidole ilikuwa chini ya kioo, haifanyi kazi tena.

Kioo cha LCD cha Tecno Spark, Infinix Hot, Redmi zenye herufi C au Galaxy A05 na A06 hakisumbui kukipata. Fundi aliyeko Singida au Masasi anapiga simu Kariakoo, kinafungwa vizuri, kinapanda basi la jioni. Kwa mtu mwenye mikono mizito au mwenye watoto wadogo nyumbani, namshauri LCD bila kusita.

Bodaboda na madereva wa abiria wa mtandaoni wana sababu nyingine ya kuiepuka AMOLED. Ramani ikiwaka mchana kutwa na mwanga umepandishwa mwisho, zile sehemu za picha zisizohama huacha kivuli cha kudumu. Zimenijia simu ambazo hata ukiwa ndani ya WhatsApp bado unaona vitufe vya ramani vimejichora kwa mbali. Hakuna dawa ya hilo ila kubadilisha kioo.

Kama ilijaa, au ilikuwa nzito

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo nivumilie.

Simu yenye GB 64 haikupi GB 64. Mfumo wenyewe na programu zilizokuja nazo zimeshachukua sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja. Kisha linakuja grupu la familia, la kikoba, la wazazi wa shule, la kwaya au la msikiti, na kila moja linashusha video usiku kucha. Wengi hufikiri memori kadi itawaokoa. Kadi inasaidia picha na nyimbo, lakini mafaili ya WhatsApp yenyewe hukaa kwenye hifadhi ya ndani ya simu, na programu nyingi ni hivyo hivyo. Na Android ikikosa nafasi ya kupumulia, simu nzima inakuwa nzito, ukadhani prosesa, yaani ubongo wa simu, imechoka kumbe ni stoo imejaa.

Kwa hiyo anza na GB 128. Ukiambiwa uchague kati ya RAM (kumbukumbu ya muda ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi) 4 na hifadhi 128, au RAM 6 na hifadhi 64, chukua ya kwanza. Angalia pia kama memori kadi ina nafasi yake au inapigania nafasi na laini ya pili. Mtu mwenye Vodacom na Airtel, na pengine Halotel juu yake, hawezi kutoa laini ili aweke kadi.

RAM nayo ina mchezo wake. Boksi limeandikwa "8GB" kwa maandishi makubwa, na pembeni kwa herufi za kusoma kwa shida utaona 4+4. Zile nne za kwanza ndizo RAM. Nne nyingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo kasi yake ni ndogo mno ukiilinganisha na RAM yenyewe. Muuzaji akikwambia simu ina nane, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, usome RAM halisi. Linganisha nne na nne, nane na nane. Nimeona watu wakiongeza elfu hamsini kwa ajili ya hizo nne za kukopa.

Halafu prosesa. Usihesabu viini. Karibu kila simu siku hizi ina viini vinane, na muuzaji atakwambia "octa-core" kana kwamba ni jambo la ajabu. Kinachotofautisha ni aina ya viini hivyo. Unisoc SC9863A ina viini nane, vyote vidogo vya A55, vimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 28 (namba hii ikiwa ndogo, prosesa ni ya kisasa zaidi na inakula chaji kidogo): inatosha kupiga simu, kusoma ujumbe na kuangalia picha moja moja. Helio G85 ina viini viwili vikubwa vya A75 na sita vidogo, nanomita 12: hapo WhatsApp, TikTok na M-Pesa vinakwenda bila kukwaruzana. Unisoc T606 ina mpangilio kama huo ila mwendo wake ni wa chini kidogo. Helio G99 ina viini viwili vya A76, nanomita 6, inakula chaji kidogo na inabaki nyepesi hata mwaka wa tatu. Kwa matumizi ya kawaida ya mtu wa hapa mjini, G99 ndiyo hatua inayolipa. Ukiona simu mbili bei sawa, moja ina G85 na nyingine G99, na hifadhi ni sawa, usijiulize mara mbili.

Andika majina hayo kwenye karatasi. Jina la prosesa halibadiliki hata simu ikipewa jina jipya dukani, na majina hubadilika sana. Tecno, Infinix na itel zote ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na zote zinahudumiwa na vituo vya Carlcare. Redmi na Poco zote ni za Xiaomi. Redmi 14C na Poco C75 ni simu moja iliyovaa nguo mbili. Watu hubishana kwa saa nzima Infinix au Tecno, wakati ndani kuna prosesa ile ile na kioo cha kipimo kile kile. Ukigundua hivyo, angalia bei na hifadhi, mjadala uishe.

Kama ni chaji

Tundu la chaji linalolegea ndilo tatizo dogo kuliko yote, japo ndilo linalowaogopesha watu. Katika simu nyingi za bei hii, tundu hilo limekaa kwenye bodi ndogo ya chini, peke yake, na fundi anaibadilisha yote bila kugusa bodi kubwa. Kwa hiyo usiikimbie kampuni nzima kwa sababu ya sistimu chaji.

Uliza badala yake kama chaja imo ndani ya boksi. Galaxy A06 na A16 zinakuja na waya tu. Tecno na Infinix huja na adapta. Ukinunua Samsung, weka kando hela ya adapta nzuri, uihesabu kama sehemu ya bei. Anayenunua simu ya laki nne kisha akaichaji kwa adapta ya elfu tatu ya kando ya barabara, tutaonana naye. Adapta mbovu hutoa umeme usiotulia, na kinachoumia ni IC ya chaji, yaani chipu inayosimamia chaji, iliyoko kwenye bodi kubwa. Hiyo haibadilishwi kwa bei ya bodi ndogo.

Wati nazo zisikupagawishe. Simu nyingi za daraja hili zina betri ya karibu mAh 5000 na chaji ya wati 18, 25 au 33. Tofauti ya 18 na 33 utaiona asubuhi ukiwa umechelewa kuamka. Tofauti ya 18 na 25 ni ndogo.

Kama ilikuwa nzima ila programu zikaanza kuikataa

Hili linawauma wale wanaotunza simu. Kioo kizima, betri inakaa, lakini programu ya benki inasema haiwezi kufanya kazi kwenye toleo hili la Android. Mwanzoni mwa 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye Android 4.4, na kila miaka michache mstari huo unapanda juu.

Kwa hiyo uliza simu itapata masasisho kwa miaka mingapi. Samsung iliahidi Galaxy A16 matoleo sita mapya ya Android na miaka sita ya masasisho ya usalama. A15 iliyoitangulia iliahidiwa matoleo manne na miaka mitano. A06, ambayo ni ndogo yao, matoleo mawili na miaka minne. Simu nyingi za bei hiyo kutoka kampuni nyingine zinaahidi pungufu, na nyingine haziahidi chochote kwa maandishi. Muuzaji akikosa jibu, chukulia kwamba hakuna ahadi.

Miaka hiyo inahesabiwa tangu modeli hiyo ilipotolewa sokoni kwa mara ya kwanza, haihesabiwi tangu siku uliyoinunua. Galaxy S21 ilitoka Januari 2021, na miaka yake mitano ya masasisho ya usalama inahesabiwa kuanzia hapo. Ukiinunua leo kwa sababu ni "S" na kamera yake ni tamu, unanunua simu ambayo saa yake ilianza kwenda zamani. Simu zetu sasa ndizo pochi zetu, zimebeba laini tulizosajili kwa alama za vidole. Jambo hili nalichukulia kwa uzito kuliko megapikseli.

Ukitaka kuona hali ya simu iliyo mbele yako, ingia mipangilio, kuhusu simu, toleo la Android, utafute tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa simu inauzwa kama mpya na tarehe hiyo ni ya zaidi ya mwaka nyuma, unganisha intaneti ya dukani ujaribu kusasisha. Ikigoma, omba uone nyingine.

Wateja wawili, majibu mawili

Alikuja mama mmoja anayepika chakula Ilala, akiwa na mwanawe wa kiume. Bajeti laki tatu na kitu. Walikuwa wameshapita maduka, wamebaki na tatu: Redmi 14C, Tecno Spark 30C na Galaxy A06. Kwa hela ile ile walipewa A06 ya GB 64, na hizo mbili za GB 128.

Mtoto alitaka Redmi. "Fundi, kioo chake kikubwa, inchi 6.88, na 120Hz." Ni kweli. Mama alitaka Samsung kwa sababu dada yake anayo na haijamsumbua. Nalo si jambo la kudharau.

Nikawaambia tuanze na pale simu hizi zinapofanana. Prosesa ya Redmi na ya Tecno ni Helio G81, ya Samsung ni G85, na ndani yake ni mpangilio ule ule: viini viwili vya A75 vya gigahezi 2 na sita vya A55. Kwa kasi hakuna atakayemwacha mwenzake. Kamera ya nyuma zote zimeandikwa megapikseli 50. Betri ya Redmi ni 5160, za wenzake 5000, tofauti ambayo hutaiona. Kioo cha Samsung ni cha 60Hz, hizo mbili ni 120Hz, yaani ukiperuzi maandishi yanateleza vizuri zaidi. Ni raha ya macho, haikuongezei kazi. Vioo vyote vitatu ni LCD na vyote ni vya kiwango kimoja cha HD, kwa hiyo kile kikubwa hakina nukta nyingi zaidi za kuonekana, kimezitandaza tu.

Kisha nikamuuliza mama simu yake iliharibikaje. Ilijaa kwanza, kwa sababu kila asubuhi anapiga picha ya chakula anaiweka stetasi wateja waone. Baadaye ikaingia mchuzi. Basi A06 ya GB 64 ikatoka hapo hapo, maana angerudi kwenye tatizo lile lile. Zikabaki mbili. Spark 30C ina kinga ya IP54, yaani vumbi na matone ya maji yanayorukia, ingawa huwezi kuitumbukiza kwenye ndoo. Kwa mtu anayekaa karibu na sufuria, hilo lilitosha. Mtoto hakufurahi sana, lakini simu ilikuwa ya mama.

Wiki hiyo hiyo akaja mwalimu wa sekondari, bajeti karibu sawa. Simu yake ya zamani ilikuwa haina hata mkwaruzo, ndani ya kava la ngozi. Ilikuwa imebaki nyuma tu, programu ya benki ikamkataa. Huyu sikumwonyesha yoyote kati ya zile tatu. Nilimwambia, "Mwalimu, vumilia miezi miwili uongeze, uchukue A16 ya GB 128." Ina Helio G99 kwenye ile ya 4G, kioo cha AMOLED ambacho yeye hatakivunja, IP54, na miaka sita ya usalama. Nilimtahadharisha kitu kimoja: A16 haina tundu la spika za masikioni. Yeye hajali. Lakini baba yangu mkubwa angejali, kwa sababu anasikiliza mechi ya Simba na Yanga redioni bila bando, na redio ya FM hutumia waya wa spika za masikioni kama antena. Ukimnunulia mzee simu, angalia tundu hilo na uhakikishe programu ya redio imo.

Megapikseli, 5G na mengineyo, kwa ufupi

Megapikseli hazikuambii picha itakuwaje usiku. Piga picha ndani ya duka, mahali penye giza, ukimlenga mtu anayetembea, kisha uikuze uso. Fanya hivyo kwa simu zote mbili unazolinganisha, uangalie kwa macho yako. Kamera za ziada za megapikseli 2 zilizopangwa mgongoni ni mapambo, zipuuze. 5G ni nzuri kama unaishi mjini na bando lako linaruhusu. Kama simu inakwenda kijijini, hela hiyo iweke kwenye hifadhi.

Ukichagua iliyotumika

Siwakatazi. Simu kubwa iliyotumika inaweza kuwa na kamera na kasi ambayo mpya ya laki nne haina. Ila ina mitego yake.

Soma namba ya modeli. S21 ya Marekani imeandikwa SM-G991U, ya kimataifa SM-G991B. Nyingi za Marekani zina tundu moja tu la laini, na nyingine zimefungwa kwa mtandao wa huko. Google Pixel nazo haziuzwi rasmi hapa kwetu, na kupiga simu kupitia 4G mara nyingi hakufanyi kazi, kwa hiyo simu inashuka 3G kila ukipigiwa. Ukiwa mahali ambapo 3G ni dhaifu, utaambiwa hupatikani.

Mtego wa pili ni simu za mkopo. Mtu kachukua simu kwa kulipa kidogo kidogo, akaiuza kabla hajamaliza deni, na siku akiacha kulipa inajifunga mkononi mwako. Dawa yake ni hii: kabla hujatoa hela, irudishe simu kwenye hali ya kiwandani ukiwa hapo hapo, uiwashe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti, uende nayo mpaka mwisho wa hatua za kuanza. Ikidai akaunti ya Google ya mtu mwingine, au ikatokea taarifa yoyote ya kampuni inayodai, irudishe na uondoke. Muuzaji akisema "tutaiflashi, usijali", jali.

Na kwenye AMOLED zilizotumika, tafuta mstari wa kijani au wa waridi unaoshuka kutoka juu hadi chini. Ukiwepo hata mmoja mwembamba, kioo hicho kimeanza safari yake na hakirudi nyuma.

Ukiwa dukani, kabla ya protekta

Vijana wa dukani wana haraka ya kubandika protekta na kuvalisha kava. Waambie wasubiri.

Weka laini zako zote mbili. Piga simu kwa kila moja, na uipeleke simu sikioni. Kioo kizime, na ukiiondoa kiwake. Simu nyingi za bei hii hazina sensa halisi ya ukaribu, zinakisia kwa programu, na zikikisia vibaya shavu lako litakata simu au kuweka bubu katikati ya maongezi. Jaribu pia kusikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp sikioni, maana hapo ndipo kasoro hiyo inajionyesha haraka.

Fungua Google Maps, geuka taratibu mahali ulipo. Ile nukta ya buluu inatakiwa iwe na mwale unaogeuka pamoja nawe. Kama hakuna mwale, simu haina dira. Dereva ataona tabu kwenye njia panda, na Mwislamu anayetegemea programu ya Kibla akiwa safarini haitamwelekeza. Sanduku halikwambii jambo hili, ni lazima uliangalie mwenyewe.

Shika alama ya programu yoyote kwa kidole, uiburute polepole kioo chote, kona hadi kona. Ikiachia mahali, pana doa lisilohisi. Kwenye Samsung piga *#0*# upate ukurasa wa majaribio: rangi nyekundu, kijani na buluu zijaze kioo, ukague madoa. Kwenye Xiaomi na Redmi, *#*#6484#*#* hufanya kazi kama hiyo. Chomeka chaja, uone maandishi ya chaji ya haraka. Rekodi video fupi, uisikilize sauti yako.

Mwisho, piga *#06#. Namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu, zitakazotokea lazima zilingane na zilizobandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Kwa Tanzania, itume IMEI kwa ujumbe kwenda 15090 ujue ni simu ya aina gani. Ikikurudishia jina tofauti na simu uliyoishika, usilipe. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizizima simu bandia nchi nzima, na waliokuwa nazo walibaki na kipande cha plastiki. Risiti iandikwe modeli kamili, GB zake, IMEI na muda wa dhamana, na uulize dhamana hiyo inatolewa na duka au na kituo cha kampuni, maana duka linaweza kuhama. Namba za IMEI ziandike kwenye daftari la nyumbani pia, siyo ndani ya simu hiyo hiyo. Ikiibiwa, ndizo utakazoulizwa kituoni.